Bodi ya wapima macho ya Texas: nyota nne

Nyota nne kati ya tano, na hiyo moja nitaeleza kwa nini nimeizuia.

Ninaishi Houston na mama yangu. Kuna mahali alipimwa macho, halafu tukanyimwa karatasi ya vipimo mpaka tununue miwani hapohapo. Sheria ya Marekani inamtaka mpimaji akupe karatasi hiyo mara anapomaliza kukupima, bila malipo ya ziada, hata usipoiomba. Niliingia kwenye tovuti ya Texas Optometry Board. Leseni ya mpimaji unaitafuta kwa jina, na njia ya kulalamika imeelezwa. Kabla ya kuandika nilitaka kujua watakaonisoma ni akina nani, na wamewekwa pale na nani.

Wajumbe ni 9. Gavana huwateua, kisha Seneti huwapiga msasa, na mteule hapiti bila theluthi mbili ya maseneta waliohudhuria. Muhula ni miaka 6. Theluthi ya viti humaliza muda Januari 31 ya kila mwaka witiri, kama 2025 na 2027, hivyo bodi haibadilishwi yote kwa mkupuo.

Wajumbe 6 ni wapima macho wenyewe. Wale 3 waliobaki ni wawakilishi wa wananchi, na hapa ndipo sheria ilipoupata moyo wangu. Hufai ikiwa wewe au mwenzi wako ana leseni ya taaluma ya afya, au mmojawenu ameajiriwa kwenye biashara inayosimamiwa na bodi, au anamiliki zaidi ya asilimia 10 yake. Mume au mke naye anahesabiwa! Aliyeandika kifungu hicho alijua mambo ya nyumbani yanavyokwenda.

Nyota niliyozuia ni ya hesabu: 3 hawawezi kuwashinda 6 kwa kura, hata wakiwa na msimamo mmoja. Ningependa kuona angalau 4.

Malalamiko yangu nimeshayatuma. Wakenya wenzangu wa hapa, wengi wenu ni manesi, kwa hiyo nyinyi na waume zenu viti hivyo vimewapita. Lakini walimu, wahasibu na madereva wa malori mnaweza kuomba. Fomu ya kuomba uteuzi iko kwenye tovuti ya ofisi ya gavana.