Boksi la usukani linavuja: kubadilisha sili au kununua boksi la mtumba?

Kwenye Land Cruiser za zamani kama HZJ75, mafuta ya pawa steringi yakivuja huonekana yakidondoka kwenye pitmani (mkono unaounganisha boksi na fimbo za usukani), chini kabisa ya boksi. Kabla ya kuchagua lolote, futa boksi likauke, washa gari, mtu azungushe usukani huku wewe ukiangalia sehemu ya juu ya boksi. Wakati mwingine ni mpira wa presha unaovuja, na mafuta yanateremka tu.

Kama ni sili kweli, yaani mpira unaozuia mafuta yasitoke pale shafti inapotokea kwenye boksi, mimi naanza na sili. Seti yake ni bei ndogo ukilinganisha na boksi. Kazi iko kwenye pitmani: nati yake hukaza mno, na kuing'oa pitmani yenyewe kunataka pula (kifaa cha kuvutia), si nyundo. Weka alama kwenye pitmani na shafti yake ili irudi palepale. Kisha pitisha ukucha kwenye shafti, pale mdomo wa sili unapokaa. Ukipita laini, sili mpya itakaa. Ukinasa kwenye mfereji, au shafti ikicheza ukiitikisa, itavuja tena mapema na pesa imepotea.

Hapo boksi la mtumba lina hoja. Linafungwa haraka, ila huenda umri wake ni sawa na wa lako, na sili zilizokaa muda mrefu bila mafuta hukakamaa. Likague kama linacheza kabla hujalipa, na ulibadilishe sili likiwa bado mezani.

Kwa vyovyote, jaza ATF (mafuta ya gia za otomatiki, ndiyo yanayotumika kwenye pawa steringi hii), inua magurudumu ya mbele, zungusha usukani kushoto na kulia injini ikiwa imezimwa, hadi mapovu yaishe.