Oposumu au posumu?
Majina haya mawili yana asili moja, ila leo hutaja wanyama wa mabara tofauti. "Oposumu" limetoka katika lugha ya Wapowhatan, wenyeji asilia wa Virginia huko Marekani, ambako lilimaanisha mbwa mweupe au mnyama mweupe, na walowezi Waingereza waliliandika mwanzoni mwa karne ya 17. Katika sayansi hutumika kwa wanyama wa Amerika wenye mfuko wa kubebea watoto, ambao kati yao ni oposumu wa Virginia peke yake anayeishi Marekani na Kanada, kaskazini ya mpaka wa Meksiko. Mitaani Wamarekani hudondosha silabi ya kwanza, na usemi wao wa "kucheza posumu", yaani kujifanya umekufa, umetokana na mnyama huyo, ingawa yeye hajifanyi hata kidogo: huzimia bila hiari anapotishwa mno.

"Posumu" ni ufupisho huo huo uliohamia Australia baada ya msafara wa baharia Mwingereza James Cook wa mwaka 1770, ambapo mtaalamu wa mimea Joseph Banks alimfananisha mnyama wa huko na yule wa Amerika. Mfanano huo ni wa juu juu, kwani posumu wa Australia ana undugu wa karibu zaidi na kangaruu. Waaustralia humwita hata mtoto au mpenzi "posumu" kwa upole. New Zealand, alikopelekwa mwaka 1837 kwa ajili ya manyoya, anahesabiwa kuwa mharibifu wa misitu. Kwa maandishi ya Kiswahili, naona ni salama zaidi kumwandika wa Amerika kwa jina kamili, hata pale Mmarekani mwenyewe angelifupisha.