Kipima unyevu cha udongo: kinafaa, ila chumvi hukidanganya

Kilichonifanya ninunue kifaa hiki ni majani. Dracaena yangu, mmea wa ndani wenye majani marefu membamba, ilikuwa ikikauka ncha, na kila niliyemuuliza alinijibu maji tu: huyu anasema yamezidi, yule anasema hayatoshi. Nikataka kitu kitakachoniambia hali ya ndani ya chungu bila kubahatisha.

Ni kijiti cha chuma chenye kioo na mshale juu yake, namba 1 hadi 10. Nyekundu ni pakavu, kijani pana unyevu wa kutosha, bluu pamelowa. Hakina betri. Ncha yake ina metali mbili tofauti, na zikikutana na udongo wenye unyevu hutoa umeme mdogo sana unaousukuma mshale.

Kwenye vyungu virefu kimenisaidia kweli. Nina mmea mwingine wa ndani, Spathiphyllum, uliokuwa ukitoa mabaka laini ya kahawia iliyokoza, yenye ukingo wa njano. Udongo wa juu ulikuwa mkavu na kidole hakifiki mbali, lakini nilipozamisha kijiti hadi karibu na kitako, mshale ulisimama kwenye 9. Huko chini mizizi ilikuwa imekosa hewa. Mizizi ikikosa hewa huoza, na iliyooza hainyonyi maji, hivyo jani hukauka wakati chungu kimejaa maji. Mwenye mmea akiliona limenyauka humwagilia tena, na hapo ndipo mimea mingi hufa. Siku hizi nasubiri mshale ushuke hadi 3 ndipo nimwagilie, na majani mapya yanatoka safi.

Kwa Dracaena mambo yalikuwa mengine. Mshale ulionyesha 8, lakini nikiinua chungu ni chepesi kabisa. Nikachukua glasi ya maji ya mvua nikatumbukiza kijiti: mshale ulisogea kidogo tu. Nikatia chumvi kidogo, nikakoroga, mshale ukaruka hadi kwenye bluu. Maji yalikuwa yale yale, kilichobadilika ni chumvi. Kifaa hiki hakipimi maji yenyewe, kinapima jinsi umeme unavyopita, na chumvi huupitisha umeme kwa urahisi.

Jambo hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Mbolea ni chumvi, na maji mengi ya bomba huja na chumvi zake. Zikirundikana utaona utando mweupe juu ya udongo au kwenye ukuta wa chungu cha udongo wa kuchoma. Mmea huzinyonya pamoja na maji na kuzipeleka hadi mwisho wa jani. Maji yanatoka kama mvuke, chumvi zinabaki palepale na kuiunguza ncha. Kwa hiyo jani lenye ncha kavu ya kahawia, lile linalowafanya watu wengi wakimbilie kifaa hiki, huenda likawa ndilo kinalolisoma vibaya kuliko yote. Karatasi ya maelezo haisemi neno juu ya hili, na hilo limeniudhi.

Dawa ni kuusuuza udongo. Mimina taratibu maji yanayofika angalau mara mbili ya ujazo wa chungu, yachuruzike yote kupitia tundu la chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye sahani. Baada ya hapo nikapunguza mbolea kwa nusu. Kwa Dracaena na mmea wangu mwingine, Chlorophytum, natumia maji ya mvua, maana mimea hiyo huumizwa pia na floraidi, madini yaliyomo kwenye baadhi ya maji ya bomba. Kulaza maji usiku kucha kwenye ndoo huondoa klorini, lakini floraidi haiondoki.

Yapo majani ya kahawia ambayo kifaa hiki hakiyahusu kabisa. Kingo za majani ya Calathea, mmea wa ndani unaopenda unyevu hewani, hukauka hewa ya chumbani ikiwa kavu, hata udongo ukiwa vizuri. Mabaka makavu yaliyopauka upande unaotazama dirisha ni jua kali.

Kuhusu matumizi: usikiache ndani ya udongo, ncha italiwa na kutu; pima, kifute, kiweke. Kwenye udongo wa magome ya miti uliojaa nafasi za hewa husoma pakavu hata pasipokuwa pakavu. Changu kina pia swichi ya kupima uchachu wa udongo, ambayo mshale wake hauondoki pale pale kwenye chungu chochote, siitumii.

Na usikipime kifaa hiki wala kingine chochote kwa jani lililokwisha kuharibika, kwa kuwa sehemu ya kahawia imekufa na hairudi kijani. Angalia jani linalofuata.

Mwenye vyungu virefu na vizito, nunua. Mwenye vyungu vidogo, kiinue chungu mkononi, uzito utakwambia vizuri zaidi. Natoa nyota tatu kati ya tano; ningetoa nne kama maelezo yake yangetaja chumvi.