CT scan ya kichwa Mwanza: ya kwanza safi, ya pili ikaona donge la damu

Kwa huduma yenyewe natoa nyota nne. Kwa maelezo kwa mgonjwa, mbili, na hapo nimewahurumia.

Nilikuwa bado kwenye arobaini, nanyonyesha, kichwa kikanipiga ghafla kisogoni. Kipandauso nakijua, huja taratibu. Hiki kilifika kileleni ndani ya dakika moja, nikatapika. Zahanati walipima malaria, hamna, wakanipa dawa ya maumivu. Mama mkwe akasema ni upepo. Mume wangu hakubishana naye, alitafuta bajaji.

Hospitalini (kubwa, hapa hapa mjini) walipima presha na mkojo kwanza, wakihofia kifafa cha mimba, ambacho huweza kuja hata baada ya kujifungua. Kisha CT scan, yaani picha za ndani ya kichwa kwa eksirei, ya kawaida, isiyo na dawa. Lengo lilikuwa kutafuta damu iliyovujia kuzunguka ubongo, na kipimo hicho huiona vizuri zaidi kikifanywa mapema, hasa ndani ya saa sita tangu kichwa kianze. Majibu: safi.

Nilishaanza kukusanya kanga zangu. Daktari, dada mdogo tu wa umri, akauliza nimejifungua lini. Akasema damu ya mzazi huganda kirahisi, na picha ya kawaida inaweza kuwa safi huku mshipa wa kutoa damu kichwani umeziba. Akaandika kipimo kingine, cha mishipa, chenye dawa ya kuchomwa sindano ili mishipa ionekane.

Hapo ndipo nawalaumu. Walinipima figo, wakanichoma, basi. Joto lilishuka kutoka kooni hadi nyongani, nikaamini nimejikojolea mbele ya watu. Kumbe ndivyo dawa ile inavyofanya! Mdomoni nikabaki na ladha ya chuma. Na kuhusu kunyonyesha niliambiwa na nesi wa zamu ya usiku, nilipouliza mwenyewe: endelea, kinachoingia kwenye maziwa ni kidogo mno.

Donge lilionekana, upande wa kulia. Nikaanzishiwa sindano za kuzuia damu kuganda usiku ule ule.

Mkienda, andaeni hela ya vipimo viwili, na mtaje uzazi, au vidonge vya uzazi wa mpango (baadhi navyo huifanya damu igande kirahisi), kabla hamjaulizwa. Ombeni pia majibu ya karatasi. Mimi nilipewa CD, na kompyuta ya shemeji haina hata pa kuiingizia.