GCN ya NASA: maoni ya muoka boflo wa Wete

Kwa mpenzi wa mambo ya anga asiye na darubini, sijaona huduma ya bure inayoishinda GCN ya NASA. Mimi naoka boflo hapa Wete, kazi ya usiku, na pale madonge yanapoumuka kabla ya kuingia tanurini ndipo ninaposoma barua pepe zao.

GCN ni mtandao wa kupashana habari za milipuko ya mbali angani inayotoa miale ya gama, nuru yenye nguvu kuliko zote. Setilaiti ikihisi mmweko, habari husambazwa papo hapo kwa watafiti na kwa darubini zinazojiendesha zenyewe. Haraka hiyo ina sababu. Nyota mbili za nutroni, yaani mabaki mazito mno ya nyota zilizokufa, zikigongana, mmweko huweza kwisha hata kabla ya sekunde 2. Nyota kubwa mno ikiporomoka ndani yake, hudumu zaidi kidogo. Kinachobaki ni mwanga unaofifia kwa kasi. Mtaalamu akisubiri aamshwe, afungue kuba na kuigeuza darubini, sehemu tamu imeshapita. Roboti hupokea mahali pa kuangalia, ikajigeuza, ikaanza kupiga picha, na mwenyewe atazikuta asubuhi.

Tarehe 23 Januari 1999, mashine iitwayo ROTSE-I huko Los Alamos, Marekani, ilipokea habari kwa njia hii ikaanza kupiga picha sekunde 22 tu tangu mlipuko uanze. Mwanga ule ulisafiri miaka bilioni 9 hivi, na bado ulikuwa mkali kiasi cha kuonekana kwa darubini ndogo ya macho mawili. ROTSE-I yenyewe ilikuwa lenzi 4 za kamera zilizofungwa pamoja. Lenzi za kamera! Hilo linanipa raha kila nikilikumbuka.

Kujiunga ni rahisi: unafungua akaunti kwa barua pepe, unachagua unachotaka. Taarifa za mashine, yaani Notices, ziacheni. Hizo ni chakula cha roboti. Chagueni Circulars, nyaraka fupi wanazoandika watafiti wenyewe. Ni maandishi matupu, hazili bando. Kiingereza chake ni kikavu, kimejaa vifupisho na namba, na anayetaka picha za kupendeza hatazipata humo. Jina la mlipuko ni tarehe yake, na GRB ni kifupi cha Kiingereza cha mlipuko wa miale ya gama: GRB 221009A ni ule wa kwanza wa tarehe 9 Oktoba 2022.

Saa zao ni za Greenwich. Toa tatu, unapata saa yetu ya Kiswahili moja kwa moja. Mlipuko wa 19 Machi 2008, ambao kwa nusu dakika hivi ungeweza kuonekana kwa macho matupu ingawa nuru yake ilitoka mbali miaka bilioni 7 na zaidi, ulitokea 6:12. Kwetu ni saa tatu na dakika 12 asubuhi, jua limeshapanda. Inauma kidogo.

Ninachokipenda kuliko vyote ni kuwaona wataalamu wakisahihishana mbele za watu. Someni nyaraka za huo wa Oktoba 2022. Setilaiti ya Swift inatoa habari ya saa kumi na moja na dakika 10 jioni kwa saa zetu, na waandishi wanadhani ni kitu cha humu humu katika galaksi yetu. Wanakipa na jina. Kisha inabainika kuwa setilaiti nyingine, Fermi, ilishahisi mmweko kutoka upande huo karibu saa nzima kabla. Hesabu inabadilika, jina linabadilika, na darubini kubwa ya Chile inapima umbali: nuru imetembea karibu miaka bilioni 2. Ndio mlipuko mkali kuliko wote uliowahi kurekodiwa, hadi tabaka la juu la hewa ya dunia likatikisika. Hakuna aliyefuta waraka wa mwanzo. Upo pale pale, na huo kwangu ni uungwana mkubwa.

Mtoto wa kaka yangu, yuko skuli kidato cha nne, aliniuliza: "Ami, sasa sisi huku tunahusika vipi?" Nikamwambia data za Swift hushushwa Malindi, si ile ya Mjini Unguja, ile ya Kenya, kwenye kituo cha Waitalia, pwani hii hii yetu. Na Namibia kuna darubini za H.E.S.S. ambazo nazo huwinda milipuko hii. Siku hizi anakuja tanurini na daftari.

Walimu wa fizikia wa Pemba, hii itawafaa sana darasani, hasa kwa mada ya mawimbi ya sumakuumeme. Asiyetaka barua pepe nyingi asijiandikishe. Kumbukumbu zote ziko wazi kwenye tovuti yao, na hazihitaji akaunti.