Uzoefu wangu na Meta Business Suite na WhatsApp Business kwenye duka la ushonaji Moshi

Nina duka la ushonaji hapa Moshi, upande wa Mbuyuni. Tunashona vitenge, sare za sendofu na harusi, magauni ya kipaimara, na sare za shule kila Januari. Wenye biashara za ukubwa wangu wananiuliza kila mara nani wa kumlipa awasimamie Instagram. Jibu langu ni kwamba Meta Business Suite (programu ya kusimamia ukurasa wa Facebook na wa Instagram wa biashara mahali pamoja) na WhatsApp Business (WhatsApp ya wenye biashara), ambazo zote ni za bure, zinatosha kabisa, mradi mtu akae chini apange mwaka wake kwanza. Nimezitumia kwa misimu kadhaa, na ninayoyasema nimeyaona nikiwa kazini, cherehani zikilia pembeni.

Nianze na kilichonifaa kuliko vyote: takwimu za wafuasi. Ukigeuza akaunti yako ya Instagram kuwa ya biashara na kuiunganisha na ukurasa wa Facebook, Business Suite inakuonyesha wafuasi wako wanaishi miji gani, wana umri gani, wanawake wangapi na wanaume wangapi. Kwangu mji wa kwanza ulikuwa Dar es Salaam, Moshi ikafuata, kisha Arusha. Mtu wa Kilimanjaro akiona hivyo anaelewa papo hapo. Hao ni watu wa Marangu, Kibosho, Machame na Rombo waliokwenda kutafuta maisha Dar, na Desemba ikifika watapanda mabasi warudi nyumbani. Wakirudi kuna harusi, kuna ubatizo, kuna kipaimara, na ukoo mzima unataka kuvaa kitenge kimoja. Kwa hiyo mteja wangu mkubwa hapiti mbele ya duka. Yuko Kimara au Mbezi, na nguo ya Desemba anaichagua kwenye simu akiwa huko huko.

Mpango wangu wote umejengwa juu ya jambo hilo. Sare za watu ishirini hazishonwi kwa siku mbili tatu. Lazima kitenge kipatikane cha kutosha, cha rangi na maua yale yale, kabla hakijaisha sokoni. Vipimo vinatoka kwa ndugu waliotawanyika Dar, Mwanza, Dodoma na kijijini. Shangazi atabadilisha mshono katikati ya kazi, na yupo atakayefika siku ya kujaribu gauni likawa limembana. Ukihesabu kurudi nyuma kuanzia sherehe za wiki ya Krismasi, familia inatakiwa iwe imeshaamua Oktoba, ikichelewa sana mwanzoni mwa Novemba. Na ili waamue Oktoba, picha za mishono ya harusi zinapaswa kuanza kuonekana Septemba.

Ndiyo maana nashangaa kuona maduka mengi yakichangamka mtandaoni Desemba. Mwezi huo mafundi wangu wamejaa kazi hadi usiku, sihitaji oda mpya ya sare. Ninachoweka ni kazi zilizokamilika, ili atakayeoa au kuolewa mwakani atukumbuke, pamoja na vitu vilivyo tayari kwenye kabati: mashati ya kitenge, vilemba, magauni ya watoto. Hivyo mtu anaingia, anajaribu, analipa kwa Lipa Namba, anaondoka navyo.

Kalenda ya Business Suite inarahisisha jambo hili kuliko nilivyotarajia. Unaandaa posti ya Facebook na ya Instagram kwa pamoja, unachagua siku na saa, inajirusha yenyewe. Siku moja tulivu nakaa na picha zangu, napanga za wiki kadhaa, kisha narudi kwenye mkasi. Ukiifungua kwenye kompyuta unauona mwezi mzima mbele yako na nafasi zilizo tupu. Kwenye simu kioo ni kidogo na inachosha macho, kwa hiyo mimi huazima kompyuta ya mdogo wangu siku ya kupanga, halafu simu naitumia kujibu tu.

Lakini kalenda tupu haikwambii uweke nini, na hapa ndipo ninapoona mipango mingi inayouzwa ikikosea. Unaletewa jedwali: Jumatatu maneno ya hamasa, Jumanne mteja wa wiki, Jumatano kidokezo. Jedwali hilo hilo anapewa muuza keki wa Arusha na fundi simu wa Tanga. Duka langu lina mwaka wake. Januari ni sare za shule, na wateja ni wazazi wa hapa hapa mjini, wa Majengo, Pasua na Njoro. Hao ninawapata zaidi Facebook kuliko Instagram. Mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi kuna Kilimanjaro Marathon, ambayo imekuwa ikikimbiwa hapa tangu 2003. Mji unajaa wageni, nami naweka vitu vya kununua na kuondoka navyo, maelezo kwa Kiswahili na Kiingereza.

Kisha Kwaresima. Harusi za kanisani zinapungua sana, na duka linapumua. Kipindi hiki nakipenda kwa kurekodi, kwa kuwa ndipo fundi ana muda wa kukata kitambaa polepole mbele ya simu na kueleza kwa nini maua ya kitenge yanatakiwa yakutane kwenye mshono wa pembeni. Video fupi za namna hiyo ndizo zilizoniletea maswali ya maana zaidi. Anayeuliza baada ya kuiona ameshakubali kwamba kazi nzuri ina gharama yake. Ninazirekodi nyingi na kuzihifadhi kwa miezi ambayo hakuna atakayepata nafasi ya kushika simu.

Pasaka ikipita harusi zinarudi. Idi nayo lazima uipangie upya kila mwaka, kwa kuwa inawahi kwa takriban siku 11 kwenye kalenda ya kawaida. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu na mwanzo wa Ramadhani viliangukia wiki moja ya Februari, hivyo aliyenakili mpango wa miaka mitano iliyopita angekuwa anatangaza kanzu na mabaibui wakati usio wake.

Sasa WhatsApp Business, ambayo kwangu ndiyo duka lenyewe. Instagram inamwonyesha mtu mshono, ila makubaliano yote yanafanyika WhatsApp. Programu hii ilitoka mwaka 2018, na katalogi ikaongezwa mwaka uliofuata. Katalogi ndiyo ninayoisifu kwa moyo wote. Kila mshono una picha, maelezo, bei na namba yake. Mama wa bwana harusi akiwa Dar anachagua, ananitumia, na wote wawili tunajua tunazungumzia gauni gani.

Nasisitiza hapo kwenye bei. Tumezoea kuandika "bei njoo inboksi", na sababu zinazotolewa nazijua: washindani wataona, mteja atakimbia. Mimi nimeweka bei ya kuanzia kwenye kila mshono, nikaeleza inapanda kwa nini, kwa mfano bitana, shanga, au mwili unaohitaji kitambaa cha ziada. Meseji zimepungua kwa kweli, ila zilizobaki ni za watu wanaonunua. Tena ni suala la heshima. Mtu anayepanga michango ya harusi ana bajeti mkononi, na kumzungusha kwa salamu na maswali ili umpime uwezo wake si kumtendea haki.

Majibu ya haraka nayo yanaokoa muda mwingi. Nimeandaa maelezo ya jinsi ya kujipima nyumbani: kifua, kiuno, nyonga, mabega, urefu wa gauni, na kwamba tepu isikazwe. Naandika alama ya mkwaju (/) na neno "vipimo", maelezo yote yanatokea, nayatuma. Halafu kuna lebo, ambazo zinampa rangi kila mteja: aliyetanguliza nusu, anayesubiriwa vipimo, ambaye nguo yake iko tayari, ambaye mzigo wake umeshapanda basi. Msimu wa Desemba, familia nyingi zikiwa zinaandika kwa wakati mmoja, lebo hizo ndizo zinazonifanya nisimtumie mtu wa Rombo vipimo vya mtu wa Machame.

Orodha ya matangazo ya WhatsApp, ile ya kutuma ujumbe mmoja kwa watu wengi kwa mpigo, inahitaji maelezo kidogo kwa sababu wengi hawaielewi. Orodha moja inabeba watu hadi 256, na ujumbe unamfikia tu yule aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Usipolijua hilo utatuma ujumbe Septemba na kudhani watu wamekupuuza, kumbe haukuwafika. Kwa hiyo dukani kwangu, nguo inapokabidhiwa, msaidizi wangu anamwomba mteja ahifadhi namba yetu pale pale. Stetasi pia inategemea namba kuhifadhiwa, na inafutika baada ya saa 24, kwa hiyo naitumia kwa mambo ya siku hiyo: kitenge kipya kimeingia, leo tunafunga mapema kuna msiba.

Kuhusu picha za wateja nitasema wazi, kwa kuwa naona watu wanachezea jambo zito. Mtoto wa kipaimara akiwa na gauni jeupe ni picha nzuri mno, na kila fundi anatamani kuiweka. Sisi tunamwomba mzazi ruhusa kwa meseji na tunaitunza meseji hiyo. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi nchini, iliyotungwa mwaka 2022. Hata bila sheria, uso wa mtoto wa mwenzako si bidhaa yako. Mzazi akikataa, tunapiga picha gauni likiwa kwenye henga.

Matangazo ya kulipia nimeyatumia kwa kiasi. Yanahitaji kadi, na kadi ya mtandaoni inayotolewa na huduma za pesa za simu inatosha. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuchagua mji, hivyo tangazo la sare za harusi nalipeleka Dar es Salaam mwezi Septemba na Oktoba, la sare za shule linabaki Moshi. Kulipia posti bila kuchagua mji wala msimu ni kumwaga pesa, na kununua wafuasi ni vibaya zaidi, kwa kuwa hata takwimu za miji nilizozisifu hapo juu zinaharibika.

Kuna jambo la umiliki pia. Jirani yangu alifunguliwa ukurasa na kijana aliyekuwa akimsaidia, kijana akahama, na ukurasa ukaondoka naye pamoja na wateja wote. Business Suite inakuruhusu kumpa msaidizi kazi ya kuposti na kujibu bila kumkabidhi umiliki. Fungua ukurasa mwenyewe, kwa namba yako na barua pepe yako, kisha umgawie ruhusa anayehitaji. Laini ya duka nayo isajiliwe kwa jina lako.

Programu hizi haziwezi kukusaidia kwenye picha mbaya. Duka langu lina mwanga hafifu, kwa hiyo nguo zote tunazipigia picha nje asubuhi, kabla jua halijawa kali, ukutani kwa jirani palipopakwa rangi nyeupe. Wala haziwezi kujibu kwa niaba yako namna mteja wa harusi anavyotaka kujibiwa. Ujumbe wa salamu wa moja kwa moja ninao, lakini ni mfupi: tumepokea, fundi atakujibu kabla ya jioni. Na kabla ya jioni anajibiwa.

Rafiki yangu wa Arusha anauza mikufu na vikapu vya shanga kwa watalii, na ametumia programu hizi hizi na kupata mpango usiofanana na wangu hata kidogo. Wageni wake wengi wanakuja kati ya Juni na Oktoba, ila safari wanaipanga miezi mingi kabla. Kwa hiyo posti zake kubwa zinatoka Januari na Februari, kwa Kiingereza, wakati mimi nahangaika na sare za shule. Masika inaponyesha na watalii wakiwa wachache, yeye yuko na akina mama wanaomtungia shanga, wanahesabu stoo.