Kozi ya hatimkato Mtwara mjini: someni kabla hamjalipa

Naandika nikiwa bado na hasira, mtanivumilia. Hii ni kozi ya jioni ya hatimkato, ule mwandiko wa alama fupi wa kunasa maneno mtu akiwa anaongea, kituo cha mtu binafsi hapa Mtwara mjini. Jina silitaji, sitaki kesi. Na msije mkadhani nasema Chuo cha Utumishi wa Umma. Kile kina tawi lake hapa Mtwara na hakihusiki hata kidogo na haya. Ada na ratiba mtaviona kwenye bango lao. Mimi nina jambo moja tu, siku ya mtihani wa kasi.

Najua kuna atakayeuliza zama hizi nani analipia hatimkato. Mimi nachapa barua kwenye ofisi moja, mkataba wa muda. Kila tangazo la ukatibu mahsusi serikalini likitoka nasoma kwa furaha mpaka nifike pale pale: awe amefaulu hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza, maneno 100 kwa dakika moja. Kompyuta naijua, Kiingereza cha kuombea maji ninacho, hatimkato sina. Basi msimu wa korosho ulipokaribia, nyumbani wakanichangia, nikawa napanda bajaji kutoka Mikindani kila jioni.

Mwalimu tuliyemkuta ni mama mmoja mstaafu, katibu wa tangu enzi za taipureta. Huyu hata mnilipe siwezi kumsema vibaya. Alitufundisha mfumo wa Pitman, yule Mwingereza Isaac Pitman aliyeutoa mwaka 1837, na siku ya kwanza tu akatuambia tusahau herufi, tusikilize sauti. Mstari mwembamba ukiinama ni p, ukiukoleza ule ule unakuwa b. Wa wima mwembamba ni t, mzito ni d. Wa kulala ni k, ukiukoleza ni g. Irabu ni vinukta na vistari vya pembeni, na ukishashika kasi unaviacha kabisa. Irabu ya kwanza unaijua kwa kuangalia neno limekaa wapi: likielea juu bila kugusa mstari wa daftari ni a, likiukalia mstari wenyewe ni e au o, likiukata mstari ni i au u.

Hapo ndipo Kiswahili kinapomtoa mtu jasho. "Bibi" unamkatisha kwenye mstari, sawa. Lakini "baba" na "babu" wote irabu yao ya kwanza ni a, wote wanaelea juu, b mbili nzito, na ile irabu ya mwisho umeshaiacha. Nikamuuliza Mama, sasa nitajuaje? Akasema, "Mwanangu, utajua kwa kusikiliza barua inahusu nini. Katibu asiyesikiliza anaandika michoro." Akanigonga vidole kidogo na rula, maana nilikuwa naibana penseli mpaka mistari yote inakuwa mizito, papa imekuwa baba.

Na hapa niseme kitu kuhusu kituo. Mfumo wote umesimama kwenye tofauti ya mstari mwembamba na mzito. Unahitaji penseli, na kichongeo mkononi. Wao kwenye ada wamekuwekea kalamu mbili za biki zenye jina la kituo! Biki! Ukandamize usikandamize mstari ni ule ule. Mama alizikusanya zote siku ya kwanza akaziweka kwenye droo bila kusema neno.

Haya, mtihani. Wiki ile Mama hakuonekana. Mapokezi wakatuambia anaumwa. Akaingia mwenye kituo mwenyewe, na simu mbili mezani, akasema imla ataisoma yeye, kwani kusoma nako ni kazi?

Ni kazi. Mama alipokuwa akitusomea kwa maneno 80, karatasi yake ilikuwa na alama ya penseli kila baada ya maneno 20, na kila alama ilimkuta robo dakika imetimia kwenye saa yake. Dakika tano, maneno 400, hakimbii wala hasinzii. Huyu hakuwa na alama wala saa. Alikuwa na barua ya usafi wa mazingira. Penye maneno mepesi anateleza kama mtu anayeshuka mlima wa Mikindani kwa baiskeli isiyo na breki, akikutana na "uteketezaji" anasimama kulitazama.

Katikati simu ikalia. Akapokea. Hakusema tusimame, hakutoka nje, hakushusha sauti.

Sasa, Mama alitupa sheria moja na aliisema kila jioni: ukisikia, andika. Kuchagua kipi kibaki ni kazi ya bosi, wewe ni mkono. Basi mkono wangu haukusimama. Niliandika yote. Neno "kangomba" sikuwahi kuliandika kabla lakini lilikuja lenyewe, na nililipenda lilivyotoka: k ya kulala nyembamba, halafu upinde mzito unaotazama juu, ndiyo ng, halafu upinde mzito uliofunikwa, ndiyo mb. Limelala lote kwa raha zake. Walio nje ya huku wajue kangomba ni ule ununuzi wa korosho wa kichochoroni, mkulima anakamuliwa kabla mzigo haujafika ghalani kwa chama cha ushirika, na serikali imeupiga marufuku. Si jambo la kuongea mbele ya darasa la makatibu.

Alipomaliza kusoma akanionyesha kidole. "Wewe dada wa Mikindani, turudishie."

Nikarudisha. Usafi, mitaro, kata zote zihakikishe, watendaji wasimamie, na bila kusita nikaendelea: "kangomba hiyo chukua yote, bei hiyo hiyo usiongeze, yule mama wa hatimkato asubiri, hela yake ndiyo hiyo iko kwenye korosho, watendaji hao wawasilishe taarifa kila robo mwaka."

Darasa lilikaa kimya kidogo, kisha kaka mmoja wa nyuma akacheka na wote wakafuata. Mwenye kituo akaja mpaka kwenye dawati langu, akachukua daftari, akaligeuza hivi, akaligeuza vile. "Umeandika wapi hayo?" Naapa, mwenye kituo cha hatimkato hajui kusoma hatimkato hata neno moja. Alitaka kufuta mistari yake mitatu na hakujua ipo wapi. Mimi sikumwonyesha. Akachana ukurasa mzima.

Ndipo akatoa lile neno ambalo mpaka leo linanichoma: "Kwanza siku hizi nani anaandika hivi vidudu? Simu ina rekoda. Mnapoteza muda tu."

Mnapoteza muda! Hela yangu ameipokea kwa mikono miwili, bango lake limeandika "hatimkato ya kisasa", halafu ananiambia napoteza muda. Angesema hivyo siku nalipa ningempa mkono nikarudi zangu nyumbani. Na rekoda gani iwekwe mezani kwenye kikao cha siri, wajumbe wakae wanaitazama? Akaongeza eti nimekuja kupeleleza. Mtihani ukaishia hapo. Hakuna alama, hakuna marudio.

Mama nilikutana naye Ligula baadaye, anatembea na kapu lake, haumwi popote. Nikamwamkia, nikamsimulia. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaniuliza kangomba niliiandika vipi. Nikamwandikia hapo hapo nyuma ya risiti. Akasema upinde wa pili ulegeze kidogo. Kuhusu mshahara wake hakusema kitu.

Sasa ushauri wangu. Msiende. Ila kwa haki, mimi nilifika pale sijui nukta, nikatoka nimenasa maneno ya mtu aliyekuwa anaongea kwa kasi ya mnada, nikayasoma mbele yake hata moja halikupotea. Ukipima kwa hilo, kozi inafundisha sana. Lakini anayefundisha ni Mama, siyo kozi, na Mama hayupo tena pale. Nilitaka kutoa nyota tatu, zote za Mama, nikakumbuka zitahesabiwa kwa yule. Basi moja. Na hiyo moja ni ya bibi mfagizi, aliyeniokotea vipande vya ukurasa wangu.

Jioni zingine tunaenda barazani kwa Mama, tunachanga kidogo. Maneno 80 nayafikia, 100 bado inanikimbia. Lakini Mama hawezi kunipa cheti, na mwajiri anataka cheti, na cheti kiko kwa yule yule. Kila nikipita mapokezi, dada ananiambia, "Pitia Jumatatu." Nikimuuliza Jumatatu ipi, anaitazama ile droo ya biki.